Fomu ya Kuzamia

Mpini wa jembe ukimpiga mtu mgongoni hautoi sauti kubwa. Unalia kama mtu anayekung'uta godoro kuondoa vumbi. Gaudensia aliijua sauti hiyo asubuhi ile, akiwa amesimama jikoni nyumbani kwa bosi wake, Deo, pale Majimoto, kisu mkononi, nusu ya kitunguu juu ya ubao. Ghala lilikuwa hatua thelathini kutoka jikoni. Ndani ya ghala walikuwa wanampiga mdogo wake, Obadia.

Obadia alikamatwa alfajiri kwenye bonde la upande wa Kasansa, ana mundu na nusu gunia la mpunga. Bonde lile lilifyekwa na baba yao kabla wao hawajazaliwa. Miaka miwili iliyopita wapimaji walikuja wakasimika mawe, karatasi ikatoka ina jina la Deo. Baba alikufa mwaka uleule. Gaudensia akaja kupika kwa mwenye karatasi, kwa sababu hapakuwa tena na pa kulima. Obadia alikataa kuja. Mpunga aliokamatwa nao alikuwa ameupanda mwenyewe kwa kujificha, kwenye pembe moja karibu na mfereji, akaupalilia, akafukuza ndege.

Gaudensia alihesabu mapigo mpaka kumi na nne, akaacha.

"Gaudensia, juisi," Mama Suzana, mke wa Deo, aliita kutoka sebuleni.

Aliweka glasi mbili kwenye sinia akaingia. Televisheni kubwa ilikuwa imejaa maji ya buluu. Deo alikuwa kwenye kochi, tumbo wazi, shati limefunguliwa vifungo. Mkewe alikuwa na simu mkononi, akiigusa, na kila akiigusa kisiwa kingine kilitokea kwenye televisheni.

"Hiki ni Shelisheli. Angalia mchanga huo, kama unga wa sembe."

"Mchanga nitaufanyia nini? Mimi nataka kuzamia," Deo alisema. "Nivae mtungi wa hewa, nishuke chini kabisa, nisisikie simu wala mtu."

"Pemba basi. Wanasema matumbawe yake hayajaharibiwa."

"Na Mafia?"

"Mafia kuna papa potwe. Samaki mkubwa kama lori, lakini hana madhara. Unaogelea naye ubavuni. Mwezi wa kumi na moja wanakuwa wengi."

Kutoka ghalani ulikuja ukelele mmoja, mfupi, halafu mapigo yakaendelea. Mama Suzana alichukua rimoti akaongeza sauti. Mawimbi yakajaa sebuleni.

Gaudensia aliweka sinia mezani, akapiga magoti palepale kwenye zulia.

"Bosi, naomba. Yule ni mdogo wangu."

"Najua ni mdogo wako. Ndiyo maana hajaenda polisi."

"Wamempiga tangu saa moja."

"Kulwa hamuui. Anamfundisha. Nyie watu wa bondeni, mtu akiwaonea huruma mnarudi na magunia." Deo alinyoosha mkono akachukua glasi. "Niache nimalize jambo hili na mama, halafu nitamwambia Kulwa amwachie. Inuka, unaziba picha."

Aliinuka. Alitoka kwa mlango wa nyuma, hakupitia jikoni, akavuka uwanja moja kwa moja mpaka ghalani, akasukuma mlango wa bati.

Obadia alikuwa amelala kifudifudi juu ya magunia, mikono imefungwa kwa kamba ya katani. Fulana yake ilikuwa imepasuka mgongoni na ngozi chini yake ilikuwa imepasuka pia. Kulwa, mkuu wa walinzi, alikuwa amevua shati ili lisichafuke. Mlinzi mwingine alikuwa amemkalia Obadia miguuni, anatafuna muwa.

"Toka, dada," Kulwa alisema. "Hii kazi haikuhusu."

Gaudensia alijilaza juu ya mdogo wake. Mpini ulikuwa tayari juu, na Kulwa hakuuzuia. Ulimpata kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Alisikia mfupa ukilia kabla hajasikia maumivu. Kulwa alimshika kwa nywele, akamvuta pembeni, akamgeuza Obadia chali, akampiga teke ubavuni mara tatu, kwa buti, bila haraka, kama mtu anayejaribu mlango kama umefungwa. Baada ya teke la tatu Obadia hakulia tena. Alifungua mdomo, hewa haikuingia. Ilipoingia, iliingia na mlio wa maji.

"Basi," Kulwa alisema. Alikuwa anahema. "Sasa amejifunza."

Saa nne daktari alifika kwa pikipiki. Jina lake Celestin, ana zahanati yake kwenye moja ya majengo ya Deo. Watu wa visiwani walitaka fomu: kila mgeni anayetaka kuzamia lazima daktari athibitishe kwamba kifua chake ni kizima. Gaudensia aliambiwa amletee chai. Alibeba birika kwa mkono wa kulia, wa kushoto akauficha ndani ya kanga. Daktari aliuona. Uvimbe ulikuwa umefika kwenye vidole.

"Umewahi kupata ugonjwa wa mapafu?" Celestin alisoma kwenye fomu.

"Hapana," alisema Deo.

"Umewahi kuumia kifua? Kuvunjika mbavu?"

"Nani anivunje mimi?" Deo alicheka.

"Unapata shida yoyote ya kupumua?"

Ghalani Obadia alikohoa. Kikohozi kilikuwa kirefu, kizito, kikaishia njiani. Daktari aliinua uso. Kwa muda watu wote wanne walisikiliza, hata Mama Suzana.

"Endelea, daktari," Deo alisema. "Shida ya kupumua, sina."

Celestin aliweka kipimo kifuani pa Deo. "Vuta pumzi. Shusha. Vuta tena." Akahamia mgongoni. "Vuta. Shusha."

Gaudensia alisimama kando ya mlango na birika lake. Aliona kifua cha Deo kikijaa na kupungua, laini, kinang'aa kwa mafuta.

Daktari alipoomba mahali pa kunawa mikono, Gaudensia alimpeleka kwenye bomba la uwanjani. Hakunawa. Aliangalia nyuma mara moja, akaingia ghalani. Alikaa mle muda mfupi tu, akatoka anafuta kipimo kwa kitambaa.

"Mbavu zimevunjika, labda nne. Moja imetoboa pafu, nadhani. Apelekwe hospitali ya Mpanda sasa hivi."

"Mwandikie karatasi, daktari. Sema umemwona."

"Mtu aliyepigwa anahitaji PF3, fomu ya polisi. Bila hiyo watakuzungusha getini mpaka..." Hakumaliza.

"Wewe umemwona kwa macho yako."

"Dada yangu, nina watoto. Jengo unalijua ni la nani." Alikuwa anaongea na bomba. "Mlaze upande alioumia, ule mzima ubaki juu. Na huo mkono ufunge."

Alirudi ndani. Kupitia dirishani Gaudensia alimwona akiinama juu ya meza ndogo, akigonga muhuri wake mara mbili.

"Mzima kabisa," alisema Celestin. "Unaweza kushuka mita kumi na nane."

"Basi ni Mafia," Deo alisema.

Mama Suzana alitoka kwenye baraza la nyuma akiwa na kitenge cha zamani. "Mfunikie hiki, asije akachafua njia. Bosi amesema umtoe kabla wageni wa saa sita hawajafika." Alisita. Aliutazama ule mkono, akautazama uwanja. "Na wewe ukimaliza urudi, chakula hakijaiva."

Gaudensia alipiga simu kwa Gratien, bodaboda wa sokoni aliyezoea kumletea maji. Gratien alikuja, akamwona Obadia, akatukana kwa Kirundi, polepole. Walimfungua kamba, wakamnyanyua wawili. Kulwa alikuwa anapita na ndoo. Aliiweka chini, akawasaidia kumpandisha miguu, akachukua ndoo yake akaenda. Walimweka Obadia katikati, Gratien mbele, Gaudensia nyuma amemkumbatia kwa mkono mmoja. Kila tuta la barabara alisikia mbavu za mdogo wake zikisogea chini ya kiganja chake kama vijiti ndani ya mfuko.

"Dada," Obadia alisema mara moja. "Mundu wangu wamebaki nao."

"Tutauchukua."

Kituo kidogo cha polisi kilikuwa kando ya barabara. Gratien hakuzima pikipiki, maana ikizimwa ilikuwa haiwaki mpaka isukumwe. Alibaki amemwegemeza Obadia mgongoni kwake, ameivuta mikono yake mbele na kuishika kiunoni kama mkanda. Gaudensia aliingia peke yake.

Askari alikuwa mmoja, kijana, na sura isiyo na ubaya. Alitoa fomu, akauliza jina la mgonjwa, umri, kijiji. Aliandika vizuri, herufi moja moja.

"Aliyempiga?"

"Kulwa, mlinzi wa Deo. Aliyemtuma ni Deo mwenyewe. Nilikuwepo. Na huu mkono ni Kulwa."

Kalamu ilisimama.

"Sema tena."

Alisema tena, kwa mpangilio uleule, akaongeza jina la daktari.

Askari aliangalia juu. "Unaona hili bati? Lile la zamani lilikuwa linavuja, tulikuwa tunahamisha majalada kila mvua. Unajua nani alituletea?" Hakungoja jibu. Aliinama akaandika, na Gaudensia, aliyesoma mpaka darasa la saba, aliyafuata maneno kichwa chini miguu juu: *Ameshambuliwa na watu wasiojulikana.*

"Wanajulikana," alisema. "Nimekutajia."

"Dada, nisikilize. Nikiandika majina hayo, itabidi nianze na huo wizi wa mpunga, maana ndipo jambo lilipoanzia. Hapo mdogo wako anakuwa mtuhumiwa. Mtuhumiwa haondoki mpaka maelezo yake yachukuliwe, na mkuu anayechukua maelezo ameenda Kibaoni, atarudi jioni. Nikiandika hivi, nagonga muhuri, mnaondoka sasa hivi." Alisogeza fomu mpaka ukingoni mwa meza, akaweka kalamu juu yake. Halafu akakumbuka, akavuta na kidau cha wino. "Kama huwezi kuandika, weka dole gumba."

"Naweza kuandika."

"Basi weka sahihi. Pale chini, kwenye 'nathibitisha kuwa maelezo haya ni ya kweli'."

Aliishika kalamu kwa mkono wa kulia. Wa kushoto haukuweza kuishikilia karatasi, kwa hiyo askari aliishikilia kwa ajili yake, kwa vidole viwili, kwa adabu.

Nje Gratien alikuwa anamwita. Gaudensia aligeuza uso mlangoni. Jua lilikuwa kali na pikipiki ilikuwa inaunguruma palepale, inatetemeka yote, usukani, kioo, kiti. Kichwa cha Obadia kilikuwa kimelala kwenye bega la Gratien, kinatikisika taratibu, juu na chini, kama cha mtu anayekubali. Alikitazama kwa muda mrefu, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Kutoka pale hakuweza kujua kama ni Obadia anayekitikisa au ni injini.