Pijo ya Nesi Frema

Kwaku Amponsah alikuwa fundi wa injini hapa Suame, mtaa wa magereji, kabla mimi sijajua kushika spana, na kwa muda mrefu alikuwa na sifa moja ambayo hakuna aliyempokonya: masikio. Ulikuwa ukimletea gari, hujafungua hata mdomo kueleza linaumwa nini, yeye ameshainua mkono kukunyamazisha. Anainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayeitwa kutoka chumba cha pili, kisha anasema, "Valvu ya silinda ya tatu. Zima." Ukifungua, ni valvu ya silinda ya tatu.

Mimi ni Boadu, fundi umeme wa magari. Banda langu na lake yanatenganishwa na ukuta wa mabati tu, ndiyo maana mambo ya mle ndani nayajua kuliko inavyonipasa. Mbele ya gereji, chini ya mwavuli mkubwa, mkewe Serwaa alikaanga viazi vikuu na samaki, na pilipili yake ilivuta hata watu wasio na gari. Binti yao wa pekee, Afriyie, aliolewa Takoradi. Wakabaki wao wawili.

Tangu binti aondoke, mambo yalianza kupoa. Serwaa ni mtu wa maneno. Akiona mbuzi anavuka barabara atakusimulia ukoo wa mbuzi huyo. Lakini alikuwa akimsemesha mumewe, mume anatabasamu tu na kuendelea na kazi. Siku moja alimletea habari kwamba mdogo wake amejifungua salama, mapacha, naye akajibu, "Weka hapo, nitakula baadaye." Sisi tukacheka. Serwaa hakucheka. Kuanzia hapo akapunguza maneno, mwisho akawa anakuja na sahani, anaiweka juu ya benchi, anageuka.

"Mwanamume akikuchoka haji kukuambia, Boadu," aliniambia. "Anaacha tu kukusikia."

Pijo ya Nesi Frema ilifika ikivutwa kwa kamba nyuma ya lori la kokoto. Ilikuwa 504 ya rangi ya maziwa, kongwe, viti vimeshonwa upya zaidi ya mara moja. Nesi mwenyewe alikuwa mkunga wa zamani kule Tafo. Nusu ya mafundi wa mtaa huu walishikwa na mikono yake kabla ya mikono ya mama zao, kwa hiyo aliposhuka kwenye lori, akiwa na kimwavuli chake, watu wazima walitupa sigara.

"Amponsah, mwanangu," alisema. "Inakunywa oili kama mlevi msibani. Ikitoa moshi, kuku wanadhani kumekuchwa. Wapwa zangu wananiambia niuze. Sikuja hapa kuambiwa niuze."

"Nimekuelewa, mama."

"Pasaka nataka kwenda Mampong kwa dada yangu. Miguu imemkataa, hatoki nyumbani. Na nitaendesha mwenyewe. Umesikia?"

Amponsah alikuwa akimtazama mdomoni, kwa makini, kama mtu anayesoma. Wakati ule sikulitilia maanani.

Aliifumua injini yote. Akaitoa kwenye gari kwa mnyororo, akaivua kichwa, akatoa pistoni na silivu zinamopanda na kushuka, akavipanga mezani juu ya gunia safi, kila kimoja na mwenzake. Ringi zilikuwa zimelika hadi zikawa kama nyembe. Alileta pistoni na silivu mpya, akapeleka kichwa kwa mtu wa mashine kikanyooshwe, kisha akakaa akisaga valvu moja moja kwa mkono, akizipekecha kama mtu anayewasha moto wa vijiti. Kabureta aliiweka mwisho. Kwanza alinawa mikono kwa sabuni. Akaiosha kwa petroli, akapuliza vitundu vyote, akainua kila jeti juani aone nuru ikipita, akazamisha boya kwenye maji ya moto kuangalia kama litatoa mapovu. Nilimpenda sana mtu yule alipokuwa hivyo. Alikuwa kama anamwogesha mtoto.

Jumamosi ya kuiwasha tulijaa. Nesi Frema alipewa kiti. Mimi nilifunga betri na kukagua nyaya, Amponsah akavuta choki, akazungusha ufunguo, na injini ikaitika papo hapo. Watu wakapiga makofi. Moshi hakuna hata kidogo.

Lakini ilipopata joto na choki kurudishwa, mambo yakageuka. Injini ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, kama mtu anayejizuia kulia. Amponsah akainama na bisibisi, akagusa skrubu ya mchanganyiko wa hewa na mafuta, akainamisha kichwa kwa ile namna yake ya zamani. Akasubiri. Akasema, "Hapo. Imekaa."

Tukatazamana. Injini ikazimika. Akaiwasha tena, akazungusha tena, ikawa ile ile, huku kitu fulani kikifyonza hewa mahali fulani. Akasimama wima. "Imekaa," alisema.

Nesi Frema aliinuka kitini. "Mwanangu, nimesikiliza vifua vya watoto maisha yangu yote. Huyu hapumui vizuri."

"Ahsante sana, mama," Amponsah akajibu, akitabasamu.

Huko nyuma Donkor, muuza vipuri, hakuweza kujizuia. "Ala! Siku hizi fundi anatengeneza kwa kuotea!"

Kicheko kikapita. Amponsah hakujua kilichosemwa, ila aliona meno. Akageuka huku na huku akitafuta jambo linalochekesha, akagundua kwamba ni yeye. Akabamiza boneti. "Asiyeipenda kazi yangu aipeleke kwingine!" Maneno hayo aliyasema mbele ya Nesi Frema.

Serwaa alikuwa nyuma yake, na sahani mkononi. Akaita, taratibu, "Baba Afriyie." Hakugeuka. Akaita kwa nguvu. Amponsah alikuwa akifuta mikono kwa tambara. Basi Serwaa akaweka sahani chini, akachukua mfuniko wa karai kubwa, akaupiga kwenye pipa la chuma kwa nguvu zake zote.

Donkor aliruka. Mimi niliuma ulimi. Amponsah akaendelea kufuta mikono, kidole kimoja kimoja.

Serwaa akauweka mfuniko polepole. Akazunguka hadi mbele ya mumewe, akamtoa tambara mikononi.

"Tangu lini?"

Amponsah alimtazama midomo. Alijaribu lile tabasamu lake, likakataa kuja.

"Nakuuliza, tangu lini hunisikii?"

Akakaa juu ya tairi. "Mngurumo naupata," alisema. "Sauti nzito nazipata. Nyembamba ndizo zimeniacha. Yako ilitangulia."

"Na hukuniambia?"

"Fundi kiziwi nani atamletea gari? Nilisema nitakuambia wiki ijayo, na wiki ijayo. Halafu nikaona midomo yako imefunga. Unaweka chakula, unaondoka. Nikasema basi, ameshajua kwamba nimekuwa gae la kutupwa, amenichoka."

Serwaa akajifunika mdomo kwa upindo wa kitenge. Hatukujua kama analia au anacheka, nadhani yote mawili. "Mimi nimekuchoka? Mimi? Mwaka mzima nimekaa chini ya mwavuli ule nikimlaani mwanamke ambaye hata hajazaliwa!"

"Mwanamke gani?"

"Nenda zako! Kumbe yote hayo umesikia vizuri!"

"Nimeyaona," alisema Amponsah. "Unapokasirika unafungua mdomo vizuri."

Hapo Nesi Frema alitugeukia. "Na nyinyi mnangoja nini? Niliowazalisha na nisiowazalisha, tokeni hapa." Tukatoka. Mimi nilikwenda nyuma ya mabati yangu, nikajifanya nina waya wa kumenya. Sitasema nilichosikia. Nitasema tu kwamba sauti ya Serwaa ilikuwa juu sana, na kwamba haikuwa ya ugomvi.

Jumatatu Serwaa hakuwasha jiko. Wateja walikuja na bakuli zao, wakamkuta ameinama ndani ya boneti ya Pijo, upande wa kushoto wa mumewe, upande wa sikio lenye afadhali. Injini ilikuwa ikiunguruma kwa tabu yake ile ile.

"Unasikia nini?" Amponsah aliuliza.

"Kelele."

"Kelele gani? Serwaa, wewe hata ukiligeuzia karai mgongo unajua viazi vimeiva. Unajuaje?"

"Vinabadilisha sauti. Vikiwa vibichi vina maji, vinagombana na mafuta. Vikiiva vinanong'ona."

"Basi sikiliza hivyo hivyo."

Alifumba macho. "Kuna maji yamekutana na mafuta," alisema hatimaye. "Ssss. Si juu. Huku chini, kwenye miguu ya hiki kidude chako."

Amponsah akachovya brashi kwenye oili, akapaka pale kidole cha mkewe kilipoonyesha, kabureta inapokalia injini.

"Imenyamaza!" Serwaa akapiga ukelele. Kisha, "Aa, imerudi."

Nilimwona Amponsah akikaza macho, kisha uso wake ukafunguka. Hewa ilikuwa ikijiingilia kwa mlango wa nyuma. Joto la miaka lilikuwa limeupinda mguu wa kabureta, unene wa ukucha haufiki, na gasketi haikuziba. Zamani angeusikia mfyonzo ule akiwa barabarani. Hakusema hivyo. Aliizima injini, akaifungua kabureta, akatandika msasa juu ya kipande cha kioo, akausugua ule mguu taratibu, akizungusha mkono, akiangalia, akisugua tena, hadi chuma kikang'aa chote bila doa. Akakata gasketi mpya, akafunga.

"Boadu!" akaniita, kana kwamba hajui kwamba nimesimama mlangoni tangu asubuhi. "Njoo na taa yako, tuangalie moto wa plagi unapiga wakati wake."

Nikaangalia. Ulichelewa kidogo, tukauweka sawa. Kisha akashika bisibisi.

"Sasa, mke wangu. Niambie."

"Ina haraka."

Akazungusha.

"Sasa?"

"Inakabwa. Rudi. Rudi kidogo… inasitasita, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata."

"Sasa?"

"Imekumbuka. Lakini bado ina wasiwasi."

Mimi nilicheka; wao hawakucheka. Walikuwa wamezama. Serwaa alikuwa ameweka kiganja mgongoni mwa mumewe bila kujua, na vidole vyake vilikuwa vikifuata injini, vikigonga inapogonga, vikisita inaposita. Amponsah akazungusha skrubu kwa unywele mmoja. Vidole vikatulia, vikaanza kwenda sawa, sawa, sawa. Hakumuuliza tena. Aliweka mkono wake mwingine juu ya kifuniko cha valvu, akasimama pale kati ya mkono wa mkewe na injini.

"Hapo?" alisema baadaye sana.

"Hapo," alisema Serwaa. "Inanong'ona."

Donkor alikuja kwa mguu wake, akasikiliza, akatikisa kichwa. "Fundi, nisamehe. Mdomo wangu hauna breki."

"Ulete," alisema Amponsah, "tuutengeneze."

Nesi Frema alipokuja kuchukua gari, Amponsah alimwomba radhi mbele yetu wote, akasema wazi, "Sisikii vizuri. Mwenye gari lake hapa akitaka kulihamisha, asione haya." Wapo waliohamisha. Sitawasema, kila mtu anaogopea chake. Wengi walibaki, na wengine walikuja kwa ajili ya Serwaa, ambaye sasa anakaanga asubuhi tu. Mchana utamkuta ameinama kwenye boneti, akibishana na mumewe kama injini inasita au inawaza.

Nesi aliwapeleka kwa daktari wa masikio anayemfahamu. Nyundo za Suame zilikuwa zimekula kilicholiwa, hakirudi. Walimpa kifaa cha kuweka sikioni. Gerejini hakivai, anasema kwa kifaa kile mtaa mzima unamgongea ndani ya fuvu. Anakivaa nyumbani.

Pasaka waliondoka wote watatu, kwa sababu Nesi alisema fundi mwema husindikiza kazi yake. Alishika usukani mwenyewe, ameketi juu ya mto ili aone mbele. Serwaa ndiye aliyenisimulia. Kwenye mlima wa Mampong, pale malori yanapotambaa, Nesi alikanyaga mafuta na Pijo ikapanda bila kubembelezwa, naye akawapungia madereva mkono kama malkia. Serwaa alikuwa nyuma na mumewe. Alikuwa akimweleza habari za mapacha wa mdogo wake tangu mwanzo, majina yao, nani analia zaidi, nani anafanana na nani.

"Punguza sauti, binti yangu," Nesi alisema. "Utatufanya viziwi wawili ndani ya gari moja."

"Mwache, mama," alisema Amponsah. Alikuwa amelaza kichwa kwenye kiti, sikio la kushoto kwa mkewe, kifaa kimewashwa. "Ndiyo kwanza tumefika kwenye jina la wa pili."

Dada yake Nesi alikuwa ameketi mlangoni, amevaa nguo ya kanisani. Aliwatazama wakishuka mmoja mmoja, akalitazama gari, akamtazama mdogo wake. "Fufu niliyowaandalia mle imepoa," alisema, "na mwenye kosa ni wewe." Kisha akanyoosha mikono yote miwili, Nesi Frema akaiendea.