Ustadhi Mamduhi

Kundi letu la vichekesho lilikuwa la watu watatu: Wadii aliyetunga, Zeinhum aliyependwa, na mimi, Bahija, niliyeigiza wake na mama wakwe wote. Kila kiangazi tulijaza ukumbi mdogo pale Iskandaria.

Wadii alikuwa na kigugumizi, kwa hiyo hakupanda jukwaani. Jioni moja Zeinhum alisahau maneno yake. Akababaika, kisha akaanza kuongea kama Wadii: kichwa nyuma, jicho moja limefumbwa, "m" imemganda mdomoni. Ukumbi ulilipuka.

"Umenuna, sheikh wangu?" Zeinhum akamuuliza Wadii nyuma ya pazia.

"M-m-mradi wamecheka."

Wadii ndiye aliyemtungia mhusika huyo jina, Ustadhi Mamduhi, akamwandikia michezo miwili mizima. Halafu televisheni ya Kairo ikamtaka Mamduhi. Ilimchukua Zeinhum peke yake.

Kufika Ramadhani, nchi nzima ilikuwa na kigugumizi cha Mamduhi. Wadii alikwenda kununua jibini. Alipofungua mdomo tu, muuzaji akagonga meza kwa kicheko. "Umejitahidi, mzee! Ila Zeinhum hukunja shingo zaidi." Tangu siku hiyo Wadii akawa ananunua kwa kuonyesha kidole.

Nilimfuata Zeinhum Kairo.

"Muue huyo Mamduhi," nikamwambia.

"Dada Bahija, una wazimu? Ndiye anayenilisha."

"Ana mwenyewe."

"Mwenyewe ndiye aliyemwandika. Nilimlazimisha?"

Nikaondoka bila kunywa kahawa yake.

Mwaka huo Irini, binti wa Wadii, alichumbiwa. Siku ya sherehe, wageni walipokwisha kuketi, Wadii alisimama ndani ya suti yake ya harusi kuwakaribisha. "M-m-m..." Mjomba wa mchumba akapiga makofi. "Allah! Mamduhi mwenyewe!" Sebule nzima ikaangua kicheko, wakidhani ni mchezo, maana walijua ni mtu wa vichekesho. Hata mchumba mwenyewe alicheka. Irini alikimbilia jikoni. Wadii alisubiri wanyamaze, na wao walisubiri aendelee. Mwishowe akaketi, mkewe akamalizia makaribisho.

Uchumba haukuvunjika. Irini ana watoto sasa, na hawajawahi kusikia sauti ya babu yao. Nikimtembelea Wadii, hunimiminia chai na kunisogezea kiti. Mimi huongea, yeye huitikia kwa kichwa.

Zeinhum bado yuko hewani kila Alhamisi.