Dawa Itangoja Korosho

Winfrida hakwenda hospitali kwa ajili ya afya yake. Alikwenda kumtolea damu mjomba wake, Mzee Silvanus, aliyekuwa anapasuliwa ngiri, mwezi wa nane mwaka 2005. Alikaa benchi moja na mumewe, Kornel, kila mmoja akanyoosha mkono, wakachukuliwa damu kidogo ya kupima. Damu ya Kornel ilikubaliwa. Yake ikakataliwa, na yule aliyeikataa hakusema kwa nini.

Wiki iliyofuata aliitwa peke yake. Daktari Edwin, kijana mpole wa ile hospitali ya misheni, alimweleza taratibu kwamba ana virusi vya homa ya ini, aina ya C. Si UKIMWI, alisema, akarudia mara mbili maana alijua kilichokuwa kichwani mwake. Virusi hivyo hula ini polepole, miaka kumi, miaka ishirini, na mtu analima na kupika kama kawaida. Ini lake lilikuwa limeanza kukakamaa lakini bado lilikuwa linajitetea. Alimuuliza kama aliwahi kuongezewa damu. Winfrida akasema ndiyo, mwaka tisini na moja, alipozaa mara ya kwanza akiwa na miaka kumi na saba. Mtoto alikufa, naye akavuja hadi akapoteza fahamu. Mjomba wake ndiye aliyetoa damu. Wakati ule kipimo cha virusi hivi hakikuwapo, akasema daktari, kwa hiyo hakuna wa kulaumiwa. Ila ingefaa na mjomba naye apimwe.

Halafu akamwambia habari njema. Marafiki wa misheni walikuwa wameleta dozi moja kamili ya matibabu, sindano za kila wiki na vidonge vya kila siku, kwa wiki arobaini na nane. Dozi moja, basi. Ilikuwa kwenye friji na tarehe yake ya mwisho imeandikwa, kwa hiyo ili imalizwe kabla haijaharibika, wa kuianza lazima awe ameianza kabla ya katikati ya Desemba. Yeye angependa Winfrida aanze kesho. Angepata homa, angedhoofika, nywele zingepungua. Pombe asiguse. Na mimba, alisema akimtazama usoni, hapana kabisa, kwa mwaka wote huo na miezi sita baada yake, maana vile vidonge vinamharibu mtoto tumboni.

Mtu mwingine angesema nianze kesho. Winfrida alisema atakwenda kuzungumza na nyumbani.

Nyumbani ni kijijini, upande wa Chinongwe, wilaya ya Ruangwa, kwenye mji wa Mzee Silvanus. Kwa desturi yao mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake. Watoto hufuata ukoo wa mama, na mume huhamia kwa mkewe na jembe lake. Kornel alitoka Ruponda mwaka tisini na sita, akapewa mikorosho ya kuhudumia, na tangu siku hiyo alikuwa akiamka anapoitwa. Wamezaa watoto wawili, wote wa kiume.

Watu waliposikia Winfrida kakataliwa damu walisema wanavyosema watu. Mzee Silvanus, mshono wake haujapona, alitembea na fimbo nyumba hadi nyumba kuwaambia ni ini tu, na atakayetaja jingine atakuja kulitaja mbele yake. Winfrida alimpenda sana wiki ile.

Jumapili, baada ya kanisa, aliwaita wakubwa wa ukoo. Wanaume walikaa kwenye viti, Winfrida mkekani. Mzee Silvanus hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alizungumza kama anayembembeleza mtoto kula.

"Mpwa wangu, mimi sikukatazi dawa. Mwenye akili gani amkataze mgonjwa dawa? Ninachouliza ni lini."

Winfrida akaeleza maneno ya daktari, moja baada ya jingine, hadi lile la mimba. Wazee wakatazamana.

"Una miaka thelathini na moja," akasema mjomba. "Utatoka huko una thelathini na tatu, umechakaa. Dada yangu Lusiana aliniachia mabinti watatu. Wawili nimewazika. Umebaki wewe, na umetuletea madume mawili. Hao watakwenda kuzaa kwa watu. Wewe ukifunga kizazi, tumekwisha."

"Na nikifa, Mjomba?"

"Ulishakufa mwaka tisini na moja. Nani alikurudisha?"

Neno hilo halikuwa geni kwake. Alilisikia kila Krismasi na kila msiba: damu yangu ndiyo inayotembea ndani yako. Labda ndiyo sababu alisema kile ambacho alikuwa amepanga kukisema faraghani.

"Daktari anaomba na wewe ukapimwe."

Mzee Silvanus aliikagua ncha ya fimbo yake.

"Kwa hiyo niliyokupa ilikuwa sumu."

"Hakusema hivyo, Mjomba."

"Basi irudishe."

Mzee mmoja akacheka, wa pili akafuata, mwishowe viti vyote vikatikisika, na Kornel naye akacheka kwa kuwa wakubwa wanacheka. Winfrida akainamisha uso. Ilikuwa aibu kama ya mtu aliyekamatwa anaiba. Mjomba alipoona ameinama, akalainika. Alisema basi, yaishe, tusigombane kwa jambo la Mungu. Korosho zinaanza kudondoka. Zikikosa mikono zitaoza mashambani. Aokote, amalize msimu, na mwanzoni mwa Desemba aende akachomwe sindano zake kwa amani, yeye mwenyewe atampa baraka.

"Ni miezi mitatu. Dawa iko kwenye friji, haina miguu. Itangoja korosho."

Winfrida akakubali. Hata baadaye, alipojiuliza, hakuona ni nini kingine angefanya akiwa amekaa pale mkekani huku kicheko bado kinamwasha masikioni.

Daktari Edwin hakufurahi. Alimpa boksi la mipira ya kiume, akamwonyesha Kornel namna ya kuitumia, akaandika tarehe kumi na mbili Desemba, akaipigia mstari.

Msimu ulikuwa mzuri. Waliokota toka asubuhi, migongo imepinda, wakichomoa korosho kwenye mabibo. Wanawake wa jirani walikamua mabibo kutengeneza pombe ya uraka, na kila kata ilipomfikia aliipitisha bila kuinywa.

"Wewe daktari kakukataza nini hasa," aliuliza Ashura, jirani yake wa miaka mingi, "uraka au mume?"

"Vyote."

"Basi ungekubali kufa tu, mwenzangu."

Wakacheka, na yeye akacheka, kwa kuwa Ashura alisema vile kwa mapenzi. Kila wiki ilipokatika alihisi amevuka mto mmoja. Alihesabu mito iliyobaki.

Tarehe kumi na mbili aliondoka alfajiri na Kornel. Kila mgonjwa alitakiwa awe na ndugu wa kumwekea saini, atakayekuja naye kila wiki na kumwangalia akipata homa. Hospitali walimpa Winfrida kikopo cha mkojo. Sista Teodosia, muuguzi wa hapo, alirudi na majibu, akampa daktari bila kumtazama Winfrida.

"Una mimba," akasema Daktari Edwin. "Bado changa."

Winfrida alisema haiwezekani, wametumia mipira, wametumia kila mara. Daktari akamtazama Kornel. Kornel alikuwa anatazama viatu vyake.

"Nilitoboa," akasema. "Kwa sindano ya nguo. Mjomba aliniambia nisipofanya hivyo nitakunja mkeka wangu nirudi Ruponda, watoto nitawaacha kwenu. Ningefanyaje?"

Daktari Edwin alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaeleza kinachofuata kwa sauti iliyonyooka. Matibabu hayawezi kuanza. Azae, anyonyeshe, arudi. Kama dozi nyingine italetwa, hilo hawezi kuahidi. Hii yenyewe ilichukua miaka miwili kufika. Ini lake wataendelea kulipima. Hii iliyopo itabidi aanzishiwe anayefuata kwenye orodha, tena leo, maana tarehe imefika.

Winfrida aliuliza, kama mtu anayeuliza habari za njia, je, ingekuwaje kama angeanza Septemba. Daktari akasema sasa angekuwa wiki ya kumi na mbili.

Akatoka hadi kwenye korido kutafuta hewa. Kwenye benchi alikuwa amekaa Mzee Silvanus, shati jeupe la kanisani, kofia mapajani, kadi ya hospitali mkononi. Winfrida alidhani kwanza amekuja kumpa ile baraka aliyoiahidi. Kisha akaiona kadi. Ilikuwa ya rangi ya buluu kama yake, ya wagonjwa wa ini.

Mzee alimweka pembeni yake bila kuona haya. Alimwambia kwamba Septemba, alipokuja kukaguliwa mshono, aliyawaza yale maneno ya Winfrida, akapimwa. Alikuwa nayo homa ya ini, tena imekomaa kuliko ya Winfrida. Daktari alimwandika wa pili kwenye orodha ya dawa.

"Ulijua tangu Septemba," akasema Winfrida.

"Nilijua naumwa. Hayo mengine Mungu amepanga." Akamshika mkono, akaupapasa. "Usilie, mama. Wewe umepata mtoto, mimi nimepata dawa. Akiwa wa kike, ukoo umepona pande zote."

Sista Teodosia akaja na karatasi kwenye ubao. Akasema mzee anahitaji ndugu wa kumsimamia, wa kuja naye kila wiki na kukaa naye nyumbani homa zikimshika, na pasipo saini hawamwanzishi, anapita wa tatu. Mzee Silvanus, bila hata kugeuza shingo, akanyoosha kidole kwa mpwa wake. Nani mwingine angemuuguza?

Winfrida aliipokea kalamu. Aliusoma ule ukurasa wote, mstari kwa mstari, kwa sababu hakuna aliyemharakisha. Kisha akairudisha kalamu juu ya ubao.

"Siweki."

Mjomba alicheka kidogo, akadhani hajasikia vizuri. Akasema jina lake mara moja, kisha mara ya pili, na ile mara ya pili sauti yake haikuwa ya kubembeleza tena. Ilikuwa ya mzee anayeogopa. Sista akangoja, akitazama saa ya ukutani. Angalau kwa muda huo mfupi wote wawili walikuwa hawana dawa.

Kornel ndiye aliyesogea. Alichukua kalamu pale ubaoni, akainama, akaandika jina lake kwa zile herufi zake kubwa za shule ya msingi. Alipofika penye nafasi ya uhusiano na mgonjwa, kalamu ikasimama. Akamgeukia mkewe na kumuuliza kwa sauti ya chini aandike nini.

"Andika mfanyakazi wake," akasema Winfrida.

Akajifunga kanga vizuri, akapita katikati yao, akatoka kwenda kutafuta gari la Ruangwa. Nyuma yake alimsikia Sista Teodosia akimwambia mzee akunje mkono wa shati.