Sekunde Tatu Dirishani

Katika wapiga picha wote wa sinema waliohangaika na kamera zao kwenye vilima vya Edendale mwaka ule wa 1922, hakuna aliyekuwa na mkono kama wa Emmett Lusk. Kamera zenyewe zilizungushwa kwa mpini, mizunguko miwili kwa sekunde, na mkono wa mpiga picha ndio uliokuwa saa. Akiuchelewesha kidogo, watu kwenye pazia walikimbia kama siafu waliomwagiwa maji ya moto, na hapo ndipo watazamaji walipovunjika mbavu. Akiuharakisha, watu walielea polepole kama wamo ndotoni, na nani atatoa senti zake kumi kumtazama mtu aliye ndotoni? Emmett aliimba wimbo wa kanisani kimoyomoyo, ubeti baada ya ubeti, na kwa miaka tisa mkono ukiwa mpinini haukupoteza mwendo. Uliupoteza mara moja tu, Jumanne moja ya mwezi wa sita, na yeye alidhani hakuna mwingine aliyejua.

Aliyekuwa dirishani siku hiyo ni Dewey Raffert. Jina la Dewey hukuliona kwenye bango lolote. Kampuni yao ya filamu ilikuwa na nyota wake, kijana mwenye uso wa malaika na mshahara wa waziri, na kila palipotakiwa mtu wa kuanguka, kuburutwa na tramu au kutupwa nje kupitia mlango uliofungwa, nyota alikwenda kivulini kunywa maji ya limau na Dewey akavaa suruali zake. Watu wa Chicago na New York walimcheka Dewey wakidhani wanamcheka mwingine. Yeye hakujali. Alikuwa akisema kwamba kicheko hakina anwani, mradi kimefika.

Emmett na Dewey walikuwa chanda na pete, lakini kulikuwa na jambo moja kati yao. Miaka miwili nyuma Dewey aliteleza juu ya paa la tramu, akabaki ananing'inia kwa mkono mmoja, na Emmett kwa hofu akauachia mpini na kupiga kelele. Dewey akajivuta juu mwenyewe, mzima kama kigongo, na picha bora ya mwaka ikawa imepotea. Kampuni nzima ilimwita Emmett "yaya" kwa miezi sita. Waliacha chupa ya maziwa juu ya kamera yake, na siku moja nepi. Dewey hakucheka. Alimshika bega, akamwambia:

"Sikiliza, ndugu yangu. Mimi mbavu zimeuma, na wewe picha huna. Siku nikianguka vibaya wewe zungusha tu. Usije ukaniacha nikafa bure."

Emmett akaapa.

Mchezo wa Jumanne ile ulikuwa hivi. Bwana harusi anatoroka kwa baba mkwe na keki ya harusi mkononi. Anaruka kutoka dirisha la ghorofa ya tatu, anaangukia turubai la kivuli la ghorofa ya pili, linamrusha hadi turubai la duka la mikate chini, nalo linamtua barabarani ameketi, keki ikiwa nzima. Kisha anakuja mbwa na kuila. Hob Stanger, bosi na mwongozaji, alikuwa amenunua keki tatu za harusi. Mbili zilikwisha kulalia lami, na jua lilikuwa linakaribia kuhama upande wa pili wa mtaa. Akatangaza kwa kipaza sauti chake cha bati kwamba hii ndiyo ya mwisho, na atakayeiharibu ataila iliyo chini.

Emmett akaanza kuzungusha. Dewey akapanda dirishani, keki juu ya kiganja, macho yakitazama mawinguni, kwa kuwa mchezo ulidai mtu asiyejua kwamba dunia ina upande wa chini. Hapo ndipo Emmett alipoona pembe ya turubai la chini ikilegea. Kamba ilikuwa imechomoka kwenye kulabu yake.

Jambo linalouma ni hili: filamu zile hazikuwa na sauti. Ungeweza kuisoma Biblia yote kando ya kamera na picha isijue. Stanger mwenyewe alikuwa akipiga kelele wakati wote, akimtania Dewey amuage mama mkwe. Neno moja la Emmett lisingeharibu chochote, isipokuwa Dewey angetazama chini, na keki ya tatu ingekwenda na jua. Emmett akafungua kinywa. Akaikumbuka ile nepi. Akakikumbuka kiapo, ingawa kiapo kilisema azungushe tu, hakikumkataza kusema. Kinywa kikabaki wazi bila neno, na mkono, ambao ulikuwa na utu kuliko mwenyewe, ukaanza kukimbia.

Dewey akaruka. Turubai la juu likamrusha vizuri. La chini likajikunja na kumpitisha, naye akatua lamini kwa makalio, kishindo kikasikika hadi ng'ambo ya barabara. Keki ilikuwa nzima. Akaitazama, akawatazama watu, akainua kofia. Mafundi taa walicheka hadi wakakaa chini, na Stanger akasema mchezo umetoka mzuri kuliko ulivyoandikwa. Dewey akaja akichechemea hadi kwenye kamera.

"Umeipata?"

"Nimeipata."

"Basi," akasema Dewey, akaenda kukaa kwenye gari. Jioni alikataa chakula kwa sababu tumbo lilikuwa linamkaza. Alhamisi akafa hospitali, akivuja damu ndani kwa ndani.

Sasa, mke wa Dewey, Corinne, alikuwa mkataji wa filamu katika kampuni hiyohiyo. Kazi ile ilikuwa ya wanawake: kukaa siku nzima katika chumba cha joto, mkasi shingoni kwa utepe, wakiivuta filamu vidoleni mbele ya taa na kuchagua kipi kibaki na kipi kiende jaani. Stanger alimtaka apumzike, wenzake wakajitolea wamalizie. Corinne alikataa. Alisema Dewey hatakatwa na mkono wa mtu mwingine, na siku ya tano baada ya mazishi alikuwa mezani pake amevaa nyeusi.

Emmett hakulala tena usingizi wa maana. Akifumba macho alikuwa ameshika mpini, na Dewey yuko dirishani haruki. Hilo ndilo lililomtisha, kwamba haruki; anasubiri, anatazama mawinguni, na kuna nafasi tele ya kumwambia. Emmett akaamka akiwa anazungusha shuka. Alijua kilichomo ndani ya filamu ile. Mkono ukikimbia, picha zinakuwa nyingi, na picha zikiwa nyingi mtu anaelea. Yeyote atakayeona Dewey akianza kuelea kabla ya kuruka atajua kwamba mpiga picha aliogopa kabla Dewey hajaruka. Na ataogopaje jambo ambalo hajaliona?

Akajikaza, akaenda chumba cha wakataji. Corinne alimkaribisha kiti, akampa kahawa, akaendelea kuivuta filamu. Waliongea juu ya jiwe la kaburi na juu ya dada yake anayekuja kutoka Kansas. Mwisho Emmett akasema, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, kwamba pale dirishani pangefupishwa. Afadhali aanzie pale Dewey anaporuka.

"Kwa nini, shemeji?" Corinne akauliza, vidole havikusimama.

"Ni parefu mno. Watu watachoka."

"Hawajawahi kumchoka Dewey," akasema, na hapo maongezi yakaisha. Emmett akatoka akijua amesema uongo ambao hata mbwa asingeuamini, na mbele ya mtu gani? Siri ya mtungi aijuaye kata.

Ilikuwa desturi ya kampuni, kabla ya kuiuza filamu, kuipeleka bila tangazo katika ukumbi wa mji wa mbali, ambako watu hawajui wala hawajali, na kuhesabu vicheko. Basi Jumamosi mchana wakapanda magari hadi Riverside. Ukumbi ulijaa wachuma machungwa na familia zao, mabibi waliotoka kununua vitambaa, watoto wenye karanga. Stanger alikaa mbele. Corinne alikaa safu ya nyuma na daftari, maana ndiyo ilikuwa kazi yake kila mara: mstari mmoja kwa kicheko kidogo, miwili kwa kikubwa, duara kwa kimya. Emmett akakaa pembeni yake, na hakuwa na pengine pa kukaa.

Filamu ikaenda. Mpiga kinanda akakitwanga, watu wakacheka, Corinne akaandika mistari. Kisha Dewey akapanda dirishani.

Yote ilikuwepo. Corinne hakuwa amekata hata picha moja. Bwana harusi alisimama na keki, mwendo wa kawaida, na ghafla, kabla hajakunja goti, hewa ikawa nzito. Akayumba taratibu. Utepe wa keki ukapepea polepole mno. Macho yake yakahama kutoka wingu hadi wingu, bila haraka yoyote. Mpiga kinanda hakujua afanye nini, akaacha vidole hewani, na ukumbi mzima ukanyamaza. Emmett aliona kimya chake mwenyewe kimetandazwa mbele ya watu mia nne. Alitaka kusimama na kupiga kelele. Alitaka kumwambia Dewey sasa, hapa Riverside, kwamba kamba imechomoka.

Dewey akaruka, akaelea chini kama unyoya, akapita kwenye turubai, akaketi lamini, keki nzima mkononi. Ukumbi ukapasuka. Hakikuwa kicheko cha kawaida. Wanaume walipiga viti, bibi mmoja alilia na kumshika asiyemjua. Hakuna aliyeijua siri hiyo, wala leo haijulikani, kwa nini binadamu akimwona mwenzake anaanguka kutoka juu na kuinuka hai hufurahi kana kwamba amesamehewa yeye. Corinne hakuandika mstari wowote. Kalamu ilikuwa imelala juu ya daftari.

Filamu ilipoisha watu walikataa kuondoka. Walipiga miguu sakafuni wakitaka warudishiwe sehemu ya keki, na mwenye ukumbi akakubali. Stanger akawafuata Emmett na Corinne barazani kwenye jua, uso umemwiva, akamkumbatia Emmett mbele ya Corinne.

"Ule mwendo wa dirishani, Emmett! Kila mtu anapunguza mkono ili wakimbie, wewe ukaongeza. Kuanzia leo kila anguko tunalipiga hivyo. Hebu niambie, ulikusudia?"

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa tamu. Neno moja tu na Emmett angekuwa bingwa. Neno lilelile lingefunga mdomo wa filamu milele, maana hofu ingeitwa ufundi. Alimtazama Stanger. Kisha akamtazama Corinne, aliyekuwa amesimama karibu na nguzo, hamhimizi wala hamtishi.

"Sikukusudia," Emmett akasema. "Niliogopa."

Stanger akacheka, akasema hofu kama ile ailete kila Jumatatu, akakimbilia ndani kusimamia kurudiwa kwa filamu. Wakabaki wawili.

"Nimehesabu picha," Corinne akasema. "Hata kwa kasi ile ya kichaa, ni sekunde tatu kamili kabla hajaruka. Nimezipitisha vidoleni kila siku tangu nimzike. Uliona nini?"

"Kamba ya turubai la chini. Ilichomoka."

"Ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Corinne hakulia. Alikunja daftari, akaliweka mkobani, akafunga mkoba. Emmett alianza kueleza juu ya kiapo, na keki ya mwisho, na jua, na jinsi walivyomwita yaya, lakini maneno yalimtoka yakiwa membamba na akaona aibu kuyamaliza. Corinne alisubiri yaishe. Alisema kwamba angeweza kuzikata sekunde zile, hakuna ambaye angejua, lakini aliziacha ili aone kama mtu aliyebeba jeneza la mumewe atakuja kumwambia kwa kinywa chake.

"Nina swali moja tu, shemeji. Barabara ile ina tramu, na bosi alikuwa anapiga kelele. Kama ungemwita, Dewey angesikia?"

Emmett alielewa kwamba anapewa mlango. Angesema hapana, au angesema hajui, na mjane angekwenda nyumbani na kitu cha kushikilia, nani angemlaumu? Ndani, mpiga kinanda alikwisha kuanza upya, na watu wakatulia wakingoja.

"Angesikia," akasema. "Alikuwa anaijua sauti yangu popote."

Ukumbini kimya kilikuwa kimetanda. Dewey alikuwa dirishani. Kisha kicheko kikalipuka tena, kikubwa kuliko cha kwanza, kikatoka hadi barazani na kuwapita. Corinne aliinamisha kichwa akakisikiliza chote mpaka mwisho wake. Alimtazama Emmett mara moja, akasukuma mlango, akaingia ndani walikokuwa wakipiga miguu wakimtaka mumewe kwa mara ya tatu.

Emmett akabaki nje.