Vijiko vya Mama Ludivina

Melchor Macatangay alifukuzwa kazi Jumatatu asubuhi kwa kuiba vijiko arobaini na kimoja na uma kumi na tisa. Hakuiba hata kimoja.

Alikuwa ameosha vyombo miaka kumi na miwili katika mgahawa wa Ludivina, kando ya barabara kuu ya kuingia mji wa Lipa. Wateja walifuata lomi pale, tambi nene ndani ya mchuzi uliofanywa mzito kwa unga wa muhogo na mayai. Jumapili jioni Ludivina alihesabu vijiko vyake, kila kimoja kikiwa na alama mbili alizozikata mwenyewe kwa tupa kwenye ncha ya mpini. Akahesabu tena. Asubuhi yake alimsubiri Melchor mlangoni, ameshika mfuko wa nguo zake za kazi.

“Baba Jovelyn, mimi ndiye niliyemshika mwanao siku ya ubatizo,” alisema. “Kwa hiyo siiti polisi. Nenda tu.”

“Mimi vijiko nivipeleke wapi?”

“Shemeji yako si anauza chakula pale shuleni? Wateja wake wanakula kwa vidole?”

“Wanakula kwa vijiko vya plastiki.”

“Wewe ndiye wa mwisho kuvishika. Unataka nikatafute wapi kwingine?”

Swali hilo alikwenda nalo njia nzima. Hasira ilikuwepo, lakini udadisi uliitangulia. Kijiko hakiozi. Panya hali chuma. Mteja mmoja anaweza kusahau kimoja mfukoni, lakini arobaini? Vimekwenda mahali. Mahali gani?

Habari zilifika mtaani kabla yake. Alhamisi alikwenda msibani kwa jirani. Alipokaa tu na sahani ya wali, Domeng, dereva wa bajaji, akapaza sauti: “Jamani, hesabuni vijiko, fundi amefika.” Watu wakacheka. Hata mjane alicheka, maskini, siku ya tatu hajacheka. Melchor akaiweka sahani chini, akaondoka.

Nyumbani binti yake Jovelyn, aliyekuwa anamaliza chuo cha uuguzi, alimwuliza, “Baba, mama yangu wa ubatizo atakuja kwenye mahafali?”

“Muulize mwenyewe.”

“Nimemtumia ujumbe mara tatu. Anasoma, hajibu.”

Melchor akaanza kuangusha vijiko. Aliangusha kimoja kwenye beseni, kimoja kwenye mfereji wa maji machafu, kimoja ndani ya gunia la taka. Kila mara alisimama kichwa ameinamisha upande.

“Unafanya nini?” mkewe Amparo aliuliza.

“Nasikiliza.”

“Unasikiliza kijiko.”

“Kijiko kina kelele. Hakiwezi kuondoka jikoni kimya kimya, na jiko lile nilikuwa nalisikia siku nzima.”

“Basi kiulize na kazi iko wapi.”

Alitafuta kazi pia. Migahawa miwili ilimwambia nafasi hakuna, na wa tatu ulimwambia ukweli: habari za vijiko zimefika.

Jumanne ya wiki ya nne Amparo alipika lomi. Melchor alikula nusu, akatoka kuzungumza na mwenye nyumba kuhusu kodi, na aliporudi mchuzi ulikuwa umepoa na kuganda. Akalibeba bakuli ampe mbwa. Alipoliinamisha, lile bonge lote liliteleza pamoja likaanguka kwenye sufuria kuukuu ya mbwa, pwa, kama tope. Bakuli likabaki tupu. Kijiko hakikuonekana.

Akatia mkono ndani ya sufuria ya mbwa akakitoa.

“Amparo, nipakulie nyingine.”

“Si umesema umeshiba?”

“Si ya kula. Tuiache ipoe.”

Walijaribu mara nne, mke naye sasa amechuchumaa pembeni anatazama. Mara tatu kati ya nne kijiko kilikwenda na bonge bila kulia.

Pale mgahawani Melchor hakuwa akimwaga makombo. Ludivina alimwaga mwenyewe, kwenye ndoo iliyokaa mlangoni pa jiko, mbio mbio wakati wa mchana wateja wakiwa wamejaa. Makombo yalikuwa ya Berting, mfuga nguruwe, aliyemlipa kitoto cha nguruwe kila Krismasi, naye Ludivina hakumwamini mtu asije akayachanganya na maji ya sabuni. Mabakuli yalimfikia Melchor yakiwa tayari matupu.

Kesho yake alikwenda kwa Berting, nyuma ya mibuni. Alimkuta anachota makombo kwa kopo na kuwatilia nguruwe.

“Kaka Berting, umewahi kukuta kijiko humo?”

“Kimoja?” Berting akacheka. “Selya! Mletee Melchor lile bati.”

Mkewe alileta bati la biskuti. Vijiko vilikuwa vimechemshwa, vinang'aa, na kila kimoja kina alama mbili. Melchor alivihesabu hapo hapo. Arobaini na kimoja. Uma kumi na tisa.

“Mbona hukumrudishia?”

“Tulipatana, kinachoingia kwenye ndoo ni changu. Nikajua anatupa vilivyomchosha. Ana hela yule.”

“Nimefukuzwa kazi kwa ajili ya hivi.”

“Vijiko? Mimi nilisikia ni mauzo ya wiki.”

Selya alilivuta bati. “Pole, shemeji. Lakini Jumamosi ni sikukuu ya mtakatifu wetu, na nimeita watu hamsini. Njoo Jumapili uchukue vyote.”

“Nipe kimoja tu nikamwonyeshe leo.”

“Ukimpelekea kimoja atasema ndicho kilichobaki mfukoni mwako.”

Melchor alirudi nyumbani mikono mitupu. Akasubiri.

Mahafali yalikuwa Ijumaa. Kwenye kiti cha mama wa ubatizo Amparo aliweka mkoba wake.

Jumamosi Melchor alikula kwa Berting pamoja na nusu ya mtaa uliomwita mwizi. Domeng alikuwa mbele yake, anaifakamia nyama.

“Domeng, tazama ncha ya kijiko chako.”

Domeng akatazama. Akaendelea kula, ila polepole.

Jumapili bati lilikuwa na uma zote kumi na tisa, na vijiko thelathini na vinane. Vitatu vilikuwa vimeondoka na wageni. Melchor alilibeba mpaka mgahawani, akaliweka kaunta, akaeleza yote. Ludivina hakuamini. Melchor akaomba bakuli la lomi iliyopoa, lenye kijiko, na akamwambia amwage mwenyewe kama anavyomwaga siku zote.

Akamwaga. Pwa.

Ludivina aliitazama ndoo. Kisha akalimimina bati kaunta, akahesabu.

“Bado vitatu,” alisema.

“Na kazi yangu?”

“Sinki nimempa mpwa wangu. Siwezi kumfukuza mtu ambaye hana kosa, Baba Jovelyn.”

“Kweli,” Melchor alisema. “Si vizuri.”

Akavuka barabara mpaka sokoni, akanunua vijiko vitatu, akarudi akavipanga mbele yake. Ludivina akavisogeza pamoja na vingine kwa kidole. “Arobaini na kimoja,” alisema.

Kazi ya miaka kumi na miwili. Wiki nne bila mshahara. Sahani moja ya wali iliyoachwa msibani. Kiti kimoja cha mahafali kilichokaliwa na mkoba. Na peso sitini, za vijiko vitatu.