Tuliiuliza Damu

Dada alipiga kigelegele humo humo maabara, hata wagonjwa wa koridoni wakachungulia. "Hamna kitu! Mwanangu mzima!"

Alikuwa ameinamia kompyuta yangu, akaona safu ya mtoto ni tupu. Nani alimruhusu aingie? Lakini dada yangu humzuii, unampisha tu.

Binti yake tunamwita Bosi kwa jinsi anavyotuamrisha. Siku hizi anaanguka ovyo. Daktari alitaka kipande kidogo cha msuli wa paja, dada akaja juu: "Mwanangu si nyama ya buchani! Chukueni damu." Nami mama mdogo, mwoga wa kelele, nikachukua damu. Nilitafuta nakala mbovu, ambayo seli huitoa inaposoma jeni moja ya misuli. Haikuonekana.

"Mbona umenuna? Wivu?" dada akanitania, huku akimpigia mama yetu simu.

Nilimsogeza kando, nikatazama safu ya pili. Kando ya damu ya Bosi nilikuwa nimeweka yangu, ya kulinganishia. Mimi ngazi napanda mbili mbili. Na safu yangu ilikuwa tupu vilevile.

"Dada, kata simu. Hii safu ni yangu. Nayo haina kitu."

"Si ndiyo vizuri?"

"Hapana! Mimi mzima, kwangu ilitakiwa ionekane nakala nzuri. Kila seli ina jeni zote, ila haizisomi zote. Hii inasomwa msulini. Kwenye damu imefungwa, imelala. Tumemuuliza jirani kilichomo chunguni mwetu."

"Kwa hiyo anaumwa?"

"Sijui. Wallahi sijui, na ndicho kinachoniua."

Akanikazia macho. "Hukuweza kuniachia furaha japo ya leo?"

 

Bosi alikuwa sakafuni, anachezea boksi la glavu. "Mama, twende," akaamuru. Akaweka viganja chini ili ainuke, kisha akayashika magoti, akajisukuma kwa mikono juu ya mapaja yake, taratibu, kama bibi kizee.

Kila siku dada hugeukia pembeni mtoto akiinuka hivyo. Leo hakugeuka. Simuni mama alikuwa anaita, "Haloo? Mbona kimya?"

Dada akapiga magoti, akapandisha kidogo gauni la mtoto, akaweka kidole pajani.

"Wanakata wapi?" akaniuliza. "Hapa?"