Kahawia Kwenye Kioo cha Kaka

Maabarani walimwita Fundi Rangi, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kutia rangi vipande vya nyama za wagonjwa, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vilivyobandikwa kwenye vioo. Siku hiyo nyama ilikuwa ya kaka yake, tumbo moja, imenyofolewa kwenye uvimbe wa kongosho. Mwenzake alijitolea amshikie kazi, akamkatalia. "Nani atamshughulikia kaka yangu kunishinda mimi?" Kimbelembele hicho!

Kilichotafutwa ni kingamwili ya aina moja tu. Ikiwepo, chembe hugeuka kahawia, na uvimbe ni wa kuponywa kwa vidonge. Isipokuwepo, zinabaki buluu, na kesho asubuhi kaka anapasuliwa kwa saratani. Alikuwa amelazwa tayari, na kisu alikiogopa vibaya mno.

Fundi alitayarisha vioo viwili vya nyama ile ile. Kimoja alikidondoshea dawa ya kunasa kingamwili. Cha pili alikinyima dawa hiyo makusudi, ili kibaki buluu na kuthibitisha kwamba rangi haisemi uongo. Hicho cha pili ndicho husomwa kwanza. Hata wanafunzi wanalijua hilo.

Katikati ya kazi simu ikalia. Mama. Akatoka kwenda koridoni kumbembeleza, na mama yake akianza kulia hatulii upesi. Aliporudi, vioo vilikuwa vimeanza kukauka pembeni. Akavilowesha na kuendelea, akijitia hamnazo.

Hatimaye akaweka chini ya hadubini kile chenye dawa. Kahawia! Kahawia tele, kila mahali! Hakumngoja daktari wa maabara, wala hakukigusa kioo cha pili. Akampigia kaka.

"Si saratani! Waambie hukatwi!"

Kaka alipiga kelele mpaka wodi nzima ikasikia.

Baadaye daktari alikuja, mtu wa maneno machache, akaanza na kioo cha pili kama inavyotakiwa. Akakitazama kwa muda, kisha akampisha kiti.

"Hebu angalia."

Nacho kilikuwa kahawia. Kioo kisichotiwa hata tone! Nyama ikikauka hunywa rangi ovyo, haichagui, na yeye alilijua hilo vizuri kuliko jina la mtaa wake. Akarudia kazi yote, simu akiwa ameizima, daktari amesimama pale pale. Vioo vyote viwili vikatoka buluu.

Akapiga wodini.

"Huyo? Ametia sahihi mwenyewe kwamba hataki upasuaji, kaondoka," muuguzi alisema. "Nafasi yake ya kesho kapewa mwingine."

"Na nyingine je?"

"Foleni ndefu, dada yangu. Hata sijui nikwambie nini."

Akapiga nyumbani. Mama alipokea akicheka.

"Mwanangu! Ungemwona kaka yako anavyokula! Mungu aibariki hiyo mikono yako."

"Mama, mpe simu."

Kaka alikuja na tonge mdomoni. Fundi alimwambia yote bila kupamba: vioo vilikauka, amekosea yeye, ni saratani, arudi hospitali sasa hivi hata kama nafasi imekwenda. Kaka akameza.

"Mimi siwezi kumwambia mama," alisema. "Wewe ndiye uliyemchekesha. Mwambie wewe."

Akamrudishia mama simu.